Maji Matamu Ngamani: Jinsi Ninavyotengeneza Midomo ya Boti Inayovuja

Tanga, nilikokulia, kujua boti inavuja wapi hakukuhitaji vifaa. Baba yangu alikuwa fundi wa kalafati, kazi ya kuziba mianya ya mbao za boti. Akishuka ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti maji yanakokusanyika, anachovya kidole, analamba. Yakiwa ya chumvi, bahari imeingia. Yakiwa matamu, pipa la maji ya kunywa limepasuka. Basi.

Nilipohamia Uganda na kuanza kushika boti za tanga huku kati ya Munyonyo na Entebbe, kazi ya kwanza nikafanya vilevile, mbele ya mwenye boti. Nikachovya, nikalamba. Matamu. Nikasimama kama daktari: "Mzee, tanki lako la maji ya kunywa limetoboka."

Akanitazama kwa huruma. "Fundi, na ziwa nalo ni la chumvi?"

Siku hiyo niliaibika tu, sikupoteza kitu kingine. Lakini nimeanzia hapo kwa sababu Nnalubaale, kama Waganda wanavyoliita Ziwa Viktoria, lina hila zake, na mafunzo mengi ya kutengeneza boti yameandikwa na watu wa baharini. Utamu wa maji unaficha mvujo, na unawafanya wenye boti waamini kwamba bila chumvi hakuna kinachooza. Kinaoza. Kinaoza kwa namna yake.

Kwanza jua ni maji ya nani

Usilambe. Maji ya ngama yana dizeli, na pengine yana mambo ya chooni. Nunua chupa ndogo ya rangi ya chakula, ile nyekundu ya waoka keki. Tia matone kumi hivi kwenye tanki la maji, fungua bomba la sinki mpaka wekundu utokee, funga. Kisha fua maji yote ya ngama, malizia kwa sifongo na matambara mpaka pakauke kabisa, uache boti usiku mzima. Asubuhi ukikuta wekundu, tatizo ni tanki au mipira yake, na makala hii huihitaji. Ukikuta maji meupe, ni ziwa au ni mvua.

Kutenganisha ziwa na mvua kunataka subira. Ngoja usiku usio na mvua, urudie. Nimeitwa mara nyingi kwa mtu anayeapa kwamba tumbo la boti yake limetoboka, kumbe maji yanateremka kwenye mlingoti kila dhoruba inapopiga, yanapita kimyakimya hadi ngamani. Huyo anahitaji kuzibiwa mguu wa mlingoti.

Ukishathibitisha ni ziwa, funua mbao za sakafu na uende kwenye midomo. Naita mdomo lile bomba fupi la shaba au plastiki linalopita katikati ya tumbo la boti. Nje lina kofia bapa kama uyoga. Ndani lina meno ya kuzungushia nati, na juu ya nati hukaa koki, kisha nipeli yenye mabega ambayo mpira wa maji huvalishwa na kubanwa kwa klipu. Boti ninayoitolea mfano hapa ni ya faiba, futi 26, yenye midomo mitatu chini ya mstari wa maji: wa kupoozea injini, wa sinki, na wa choo.

Futa kila mdomo kwa kitambaa hadi ukauke. Zungushia karatasi laini ya chooni kwenye kila maungio, kila maungio na kipande chake: pale mpira unapokutana na nipeli, pale nipeli inapoingia kwenye koki, kwenye shingo ya mpini wa koki, pale koki inapokaa juu ya mdomo, na kwenye nati inapogusa tumbo. Kaa kitako usubiri nusu saa. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo shahidi. Usiamini tone linaloning'inia chini, maana tone hutembea. Poda ya watoto nayo inasaidia: nyunyizia, utaona njia ya maji imejichora kama mto kwenye ramani.

Na hapa niseme jambo ambalo lingeninyima kazi kama wateja wangu wangelijua wote: katika boti kumi ninazoitiwa "mdomo unavuja", nyingi si mdomo. Ni klipu iliyolegea, mpira uliopasuka, au shingo ya koki.

Yanayotengenezeka boti ikiwa majini

Kabla hujashika spana, tafuta kizibo. Ni kipande cha mti laini kilichochongwa kama karoti, unene wake unaolingana na tundu la mdomo huo, kimefungwa kwa kamba palepale kwenye koki. Msonobari unafaa, kwa kuwa ukilowa unavimba na kujibana. Mafundi wetu wa mbao wa Ndeeba, hapa Kampala, wakisikia neno boti wanakuchongea cha mvule. Mkatalie. Mvule ni mgumu, hauvimbi haraka, na ukiupiga nyundo unaweza kupasua mdomo uliokwisha kuchoka.

Kwa nini kizibo kwanza? Piga hesabu nami. Mdomo wa inchi moja na nusu ulio sentimita 60 chini ya uso wa maji, ukikatika, unaingiza kama lita 140 kwa dakika. Ni jerikeni saba, kila dakika. Hata ule mdogo wa inchi moja, sentimita 40 chini, unakupa jerikeni mbili na nusu. Hakuna mtu anayefua maji kwa kasi hiyo huku anatafuta kizibo kabatini.

Sasa funga koki. Kama haifungi, acha hapohapo, boti itoke majini. Kama imefunga, legeza klipu, chomoa mpira, angalia ncha yake. Ikiwa ngumu na imepasukapasuka, kata sentimita tatu kama urefu unaruhusu, au weka mpira mpya. Mpira mgumu usiuvute kwa hasira. Mwagia maji ya moto kutoka kwenye birika, utalegea. Rudisha na klipu mbili, vichwa vyake vikitazamana pande tofauti, mradi nipeli ni ndefu kiasi cha kuzibeba zote mbili. Klipu ikikaa nje ya nipeli inakata mpira bure. Ukinunua klipu, nenda na sumaku ndogo: gusa mkanda, halafu gusa skrubu. Kuna klipu zenye mkanda wa chuma kisichoshika kutu na skrubu ya chuma cha kawaida, na skrubu ndiyo inayooza kwanza.

Shingo ya koki ikivuja, zile za zamani zina nati ndogo chini ya mpini. Ikaze robo mzunguko, si zaidi, kisha ujaribu kuuzungusha mpini. Ukiwa mgumu kama mlango wa selo, umezidisha.

Ambalo hutaligusa boti ikiwa majini ni nati kubwa iliyokaa kwenye tumbo. Najua inatamanisha. Unaona jasho la maji pembeni yake, spana unayo mkononi, unasema niikaze kidogo tu. Gundi ya zamani ikishavunjika haishiki tena kwa kukazwa, na bomba lililochoka linaweza kukatika ukiwa umelishika. Wala usipake silikoni juu ya nati kwa ndani. Maji yanasukuma kutoka nje kuja ndani, nawe unabandika plasta upande usio na kidonda.

Koki iliyobaki mkononi

Nieleze ya kwangu. Miaka kadhaa nyuma nilifunga koki ya sinki iliyonunuliwa duka moja la vifaa vya mabomba mjini. Inang'aa, nzito, na muuzaji akaapa ni ya vyombo vya majini. Nilikuwa na haraka, nikakubali. Mwaka wa saba mwenye boti akanipigia simu kwamba koki ni ngumu. Nikaenda, nikaizungusha kwa mkono mmoja, bila nguvu ya ajabu. Mpini ukabaki kiganjani pamoja na nusu ya juu ya koki, na maji yakanipiga kifuani. Kizibo kilikuwepo kwa sababu mimi mwenyewe nilikifunga pale. Nilikipiga kwa kisigino cha mkono, sikukumbuka hata nyundo.

Baadaye nilikaa na kile kipande kwenye mwanga. Nje bado kilikuwa cha njano. Pale kilipovunjika palikuwa na rangi ya waridi, kama ufizi, na palimong'onyoka kwa ukucha. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Maji, hata haya matamu, yanaweza kuinyonya zinki polepole na kuacha shaba tupu yenye matundu kama mkate. Umbo linabaki, nguvu imekwenda.

Kwa hiyo nunua bronzi, yaani shaba iliyochanganywa hasa na bati. Ukikosa, nunua ile shaba iliyotengenezwa isipoteze zinki, yenye alama ya DZR au CR kwenye mwili wake. Plastiki ya nailoni yenye nyuzi za kioo nayo ni nzuri na haiozi, ila nunua ile ya boti, si ya kumwagilia bustani, na uizungushe mara kwa mara isije ikagoma. Koki ya nyumbani iache nyumbani.

Kupima zile ulizonazo: kwangua kidogo kwa kisu mpaka uone chuma kipya. Njano iliyokolea ni salama kwa leo, waridi ni hukumu. Kisha gonga kwa nyundo ndogo. Nzima inalia, mbovu inajibu kama kopo lenye unga.

Kuitoa boti na kuitoa shaba

Huku hatuna kreni za kubeba boti kila gati. Mimi hutumia trela, trekta la kukodi na vijana sita, asubuhi kabla ya upepo wa ziwa. Atakayesimama majini avae buti ndefu. Kichocho kipo kwenye mwambao huu, hasa penye matete na konokono, na kazi ya trela ndiyo inayokuweka palepale kwenye matete. Mimi humeza dawa pale watu wa afya wanaposema, na bado navaa buti.

Boti ikishakaa imara, mpira na koki hutoka kwa uvumilivu. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudi kesho. Nati ikigoma, ipashe kwa bunduki ya hewa ya moto, si moto wa gesi, usije ukachoma faiba.

Mdomo wenyewe una masikio mawili madogo ndani ya tundu lake. Yako pale kwa ajili ya kushikwa kutoka nje. Chombo chake maalumu sijawahi kukiona dukani Kampala. Nilikwenda Katwe kwa mafundi wa vyuma na boda boda moja na kipimo cha kadibodi, wakanikatia chuma bapa chenye ngazi tatu, kimoja kwa midomo yote mitatu. Mmoja anakishika nje, mwingine anafungua nati ndani. Nati ikifunguka na mdomo ukakataa kushuka, gundi ya zamani bado imekumbatia. Chukua grainda, saga kofia ya nje polepole mpaka ibaki nyembamba kama sahani ya bati na ianguke, kisha gonga bomba liingie ndani. Utapoteza mdomo, lakini ungeutupa kwa vyovyote. Usiguse faiba kwa grainda. Mkono ukianza kutetemeka, kunywa chai.

Tundu likiwa wazi, tia kidole na tochi. Baadhi ya boti za faiba ni ngozi mbili zenye mbao laini katikati. Kama mbao hiyo inaonekana ukingoni mwa tundu, choma kwa bisibisi. Ikiingia kama kwenye keki, maji yamekuwa yakiinywa muda mrefu. Hapa ndipo ziwa linapoishinda bahari kwa ubaya: chumvi huzuia kuvu kidogo, maji matamu hayazuii chochote. Chimba mbao iliyooza kutoka katikati, kina cha sentimita mbili kuzunguka tundu au mpaka ufikie mbao kavu, acha ngozi zote mbili zikiwa nzima. Kausha siku kadhaa kwa feni. Halafu jaza epoksi, ile gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, iliyofanywa nzito kama siagi ya karanga. Ikikauka, toboa upya tundu safi katikati ya epoksi. Baada ya hapo hata gundi ikivuja siku moja, maji hayakuti mbao ya kula.

Angalizo moja la epoksi: changanya kidogo kidogo. Kwa joto letu la mchana kikombe kilichojaa kinaanza kutoa moshi kabla hujamaliza nusu ya kazi. Nimeyeyusha vikombe vya plastiki viwili kabla ya kujifunza kuimimina kwenye sahani bapa.

Kupima bila gundi

Watu huruka hatua hii, na ndiyo inayowarudisha kwangu.

Funga kila kitu kikavu kwanza. Mdomo kutoka nje, kipande cha mbao cha kukalia ndani, nati, koki. Hicho kipande cha ndani hakikwepeki, maana tumbo la boti lina mviringo na nati inataka mahali tambarare. Mimi hutumia mvule wa Ndeeba, unene wa sentimita mbili, nimeuchonga upande mmoja ufuate mviringo, nimeufuta kwa asetoni kuondoa mafuta yake, kisha nimeupaka epoksi pande zote hata ndani ya tundu. Hapo mvule ni mahali pake. Uwe mpana kuliko nati kwa vidole viwili kila upande.

Angalia meno. Maduka yetu yameshika vipimo vya Kiingereza, lakini kuna boti na vipuri vilivyotoka Marekani. Nusu inchi na robo tatu ndizo zinazodanganya, kwa sababu za pande zote mbili zina meno 14 kwa inchi. Tofauti kubwa ni pembe ya jino, digrii 55 kwa Mwingereza na 60 kwa Mmarekani. Zinaingiana, zinakaza, unafurahi, na zinavuja milele hata uzungushie tepu nyeupe ya mabomba roli nzima. Kuanzia inchi moja ukweli hujitokeza mapema: Mwingereza ana meno 11, Mmarekani 11 na nusu, na mzunguko wa tatu au wa nne unagoma. Ukigoma usilazimishe. Nenda dukani na mdomo mkononi, ujaribishe kaunta.

Kisha hesabu mizunguko. Koki inatakiwa ishike meno ya kutosha, mitano au zaidi, bila ncha ya mdomo kugonga ukuta wa ndani ya koki kabla ya nati kubana. Bomba likizidi urefu, zungusha nati ipite mahali utakapokata, kata kwa msumeno wa chuma, halafu rudisha nati itoke: itayanyoosha meno yaliyojeruhiwa. Chora alama kwa kalamu ya wino kila kitu kilipokaa. Fungua vyote.

Gundi

Kwa mdomo wa shaba uliomo kwenye faiba natumia poliyurethani ya vyombo vya majini, kama Sikaflex 291. Kuna aina zinazoshika kama deni la urithi, na fundi atakayekuja baada yako atakulaani akizing'oa, kwa hiyo sinunui ile kali kuliko zote. Polisulfaidi ni nzuri pia, ila isiguse baadhi ya plastiki, itazila. Silikoni ya bafuni haina kazi chini ya mstari wa maji, na ikishapakwa hapo hakuna gundi nyingine itakayokubali kushika mpaka ukwangue kila punje.

Piga msasa kuzunguka tundu nje na ndani. Futa kwa asetoni na kitambaa cheupe, badili kitambaa, futa tena mpaka kisichafuke. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka mahali pa kofia, kusafisha baadaye kutakuwa dakika mbili badala ya saa moja.

Fanya kazi hii asubuhi. Nasema kwa uchungu. Mara moja nilichelewa, nikawasha taa ya umeme saa moja usiku ili nimalize mdomo wa choo. Tulikuwa mita thelathini kutoka ufukweni, na usiku huo wale wadudu wadogo wa ziwa, sami, wakapanda kutoka majini kama moshi na kuifuata taa yangu. Ndani ya dakika moja gundi nyeupe iligeuka kuwa mandazi ya ufuta. Nilikwangua yote, nikafuta, nikaenda kulala. Kila mbawa iliyobaki ndani ya gundi ni kijia cha maji.

Paka gundi nene chini ya kofia, duara zima bila kukatika, na nyingine kidogo kwenye meno yatakayolala ndani ya tumbo. Mmoja nje asukume mdomo ndani na kuushika kwa kile chuma cha Katwe. Mwingine ndani aweke kipande cha mbao chenye gundi chini yake, kisha nati. Inayozunguka ni nati peke yake. Mdomo ukizunguka unapangusa gundi na kuacha mapengo. Kaza mpaka uone gundi imetoka kuzunguka kofia yote, duara kamili. Pakibaki penye pengo, shusha, ongeza, rudia. Usikaze mpaka gundi yote itoke, inayobaki katikati ndiyo kazi yenyewe.

Kuna wanaokaza nusu, wakarudi kesho kumalizia ili gundi iwe kama mpira. Sifanyi hivyo. Kesho yake fundi amesahau, au anaikaza huku mdomo unazunguka na kuvunja kilichokwisha shika. Kaza mara moja, ondoka.

Vua tepu ya karatasi gundi ikiwa bado laini. Poliyurethani hukomazwa na unyevu wa hewa kutoka nje kwenda ndani, milimita chache kwa siku, na unyevu tunao wa kutosha. Mimi huacha wiki. Mwenye boti akinihimiza namwomba anisaidie kukwangua koki nyingine.

Koki na mpira vifuate: gundi kidogo ya kuzibia meno ya bomba, mpini uelekezwe mahali mkono utafika gizani, klipu mbili, na kizibo kipya kwenye kamba yake. Kama boti ina kipande cha chuma cha kujitoa mhanga kwa ajili ya shaba zake, angalia ni cha madini gani. Zinki tulizozizoea baharini hulala usingizi kwenye maji matamu. Huku ni magnesi.

Kurudi ziwani

Shusha boti koki zote zikiwa zimefungwa, na mtu mmoja awe ndani kabla trela haijaondoka. Trela ikae chini yako. Angalia nati. Fungua koki ya kwanza, angalia, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ikitoka hata tone, boti irudi juu wakati trekta bado lipo, maana likienda utalilipia mara ya pili.

Zungushia tena zile karatasi za chooni, kila maungio na kipande chake. Saa moja baadaye zitazame. Jioni zitazame. Mimi hulala ndani ya boti usiku wa kwanza, gharama yake naiweka kwenye bei na hakuna mteja aliyewahi kuikataa. Alfajiri, kabla wavuvi wa mukene, dagaa wa ziwa hili, hawajazima taa zao huko mbali, nalala kifudifudi na tochi mdomoni, nabana kila karatasi kwa vidole viwili. Zikiwa kavu zote, napika chai na kumpigia mzee aje na tanga.